Sauti Ndani ya Filamu ya Hadithi: Nani Anayesema?

Katika lugha yetu mtu huenda kutazama senema. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema anakwenda kuisikiliza. Lugha haikukosea, kwa maana picha ndiyo iliyotangulia kuzaliwa, na ndiyo iliyowastaajabisha wazee wetu walipokusanyika uwanjani usiku mbele ya kitambaa cheupe. Lakini msemo huo umetuachia hasara. Umetufanya tuamini kwamba hadithi yote ya filamu imo katika picha, na kwamba sauti, yaani maneno, vishindo na muziki, ni kitoweo tu kinacholetwa baadaye ili chakula kishuke. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Picha hutuonyesha jambo. Sauti ndiyo hutuambia tulitazame kutoka upande gani, na tuwe upande wa nani. Kwa hiyo kuuliza ni nani aliyeitia filamu sauti yake si kuuliza habari za mafundi peke yao. Kwetu sisi, ambao tulipigwa picha miaka mingi kabla ya kupewa nafasi ya kusema ndani ya picha hizo, hilo ni swali la historia.

Msomaji aliyelelewa na bibi mwenye ngano anazijua kazi za sauti, hata kama hajapata kuzifikiria. Bibi alipofika mahali ambapo binti anapotea mwituni, hakutuambia kwamba binti ana huzuni. Alianza wimbo, watoto wakaitikia, na huzuni ikawa yao. Wimbo ule ulikuwa wa binti, umo ndani ya hadithi. Lakini bibi huyo huyo aliishusha sauti yake mwenyewe zimwi lilipokaribia, ingawa binti alikuwa bado hajui kwamba zimwi li karibu. Hiyo ilikuwa sauti ya nje ya hadithi, siri baina ya bibi na wasikilizaji wake. Filamu nayo ina sauti za namna hizo mbili. Ipo ile ambayo wahusika wenyewe wanaisikia: mlango unaogongwa, redio inayolia dukani, ngoma ya arusini. Na ipo ile tunayoisikia sisi tu, kama vile vinanda vinavyolia wakati mtu anakufa jangwani, mahali ambapo hapana hata mpiga zumari mmoja. Sehemu kubwa ya ufundi wa filamu imo katika kuzitumia hizi mbili, na mara nyingine katika kuivusha sauti kutoka upande mmoja hadi upande wa pili bila mtazamaji kutambua.

Hata zile filamu zilizoitwa bubu hazikuonyeshwa kwa ukimya. Katika miji ya Ulaya na Marekani alikuwapo mpiga piano, na katika majumba makubwa bendi nzima. Mwaka 1908 mtunzi mashuhuri wa Ufaransa, Camille Saint-Saëns, alitunga muziki mahsusi kwa ajili ya filamu iliyoitwa L'Assassinat du duc de Guise. Hata hivyo kwa kawaida muziki ulikuwa mali ya jumba, si mali ya filamu. Picha zile zile zikipelekwa mji mwingine zilipata muziki mwingine, na pengine maana nyingine. Mwaka 1927 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa The Jazz Singer. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilikuwa bado bubu, lakini ndani yake zilisikika nyimbo na maneno machache, na sauti hizo zilitoka katika santuri zilizozungushwa sambamba na picha. Msomaji aikumbuke santuri hiyo, maana tutakutana nayo tena katika milima ya Usambara.

Wako walioingiwa na hofu. Mwaka 1928 waongozaji watatu wa Kisovieti, Sergei Eisenstein, Vsevolod Pudovkin na Grigori Aleksandrov, walitoa tamko la kuonya kwamba sauti ikitumiwa kurudia tu kile ambacho jicho limekwisha kukiona, filamu itageuka kuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa picha. Walitaka sauti na picha zishindane. Naona walikuwa na haki, na ushahidi ulipatikana Ujerumani miaka mitatu tu baadaye, katika filamu ya Fritz Lang iitwayo M.

Mwanamke fukara wa Berlin amepika, ameandaa meza, anamngoja binti yake Elsie arudi kutoka shule. Saa zinapita. Anaita jina la mtoto, na sauti yake inaendelea kuita, lakini picha zimekwisha kumwacha: tunaona ngazi tupu, dari ya kuanikia nguo isiyo na mtu, sahani ya mtoto isiyoguswa. Kisha mpira unabingirika majanini, na puto linanaswa katika nyaya za simu. Kifo hakionyeshwi. Jina linaitwa mahali pasipo mwenye kuitika, na hilo latosha. Baadaye muuaji mwenyewe hujulikana kwa mluzi: kila tamaa yake inapompanda hupiga mluzi wa wimbo mmoja wa Edvard Grieg. Polisi wa mji mzima, wenye macho, wanamkosa. Anayemtambua ni kipofu mwuza maputo, aliyeusikia mluzi ule siku ambayo Elsie alinunuliwa puto lake. (Husimuliwa kwamba mchezaji, Peter Lorre, hakuweza kupiga mluzi, na kwamba mluzi tunaousikia ni wa Lang mwenyewe.) Hapa sauti si pambo la hadithi. Ukiiondoa, muuaji hakamatwi.

Mwaka huo huo wa 1931, mwezi wa Machi, Ardeshir Irani alionyesha mjini Bombay filamu ya kwanza ya Kihindi yenye kusema, Alam Ara, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Tangu hapo wimbo ukawa nguzo ya filamu za Bara Hindi. Kabla muongo ule haujaisha ulizoeleka mtindo ambao mchezaji hufumbua kinywa tu, na mwimbaji asiyeonekana ndiye anayeimba. Baadhi ya wahakiki wa Magharibi walizicheka nyimbo hizo, wakisema zinaikatiza hadithi. Mtu aliyezoea ngano za kwetu hawezi kukubaliana nao, maana anajua kwamba mhusika huimba pale ambapo maneno ya kawaida yamemwishia. Na katika mwambao wetu jambo hili lilithibitishwa na watazamaji wenyewe. Wengi waliojaza majumba ya senema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kutazama Awaara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, hawakujua Kihindi, wala hapakuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Walifuata hadithi kwa lafudhi, kwa vilio, na zaidi ya yote kwa nyimbo, nao walitoka mlangoni nyimbo zikiwa vinywani mwao. Mahadhi ya filamu za Kihindi yaliingia katika taarabu, na Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa kuyavika mashairi ya Kiswahili. Wako waliolaumu jambo hilo kuwa ni kuiga. Mimi sioni aibu ndani yake. Mtazamaji yule alikuwa amelipa kwa fedha yake, amechagua mwenyewe, na alichokichukua amekitia maneno yake.

Hali ilikuwa tofauti sana katika filamu zilizotengenezwa hapa hapa kwa ajili yetu. Baina ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi katika kilima cha Vugiri, Usambara, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya uongozi wa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu kama 35 hivi, zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wachezaji walikuwa wenyeji. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yakatiwa katika santuri. Wakati huo Marekani na Ulaya walikwisha kuiacha santuri, na sauti ilichapwa pembeni mwa ukanda wa filamu wenyewe. Lakini wenye mradi walikuwa na sababu zao: santuri ilikuwa rahisi zaidi, na picha moja iliweza kupewa lugha kadhaa kwa kubadili santuri tu. Kama ufundi, haikuwa fikra mbaya. Wafanyakazi wake walihangaika na vifaa duni, na kazi yao yastahili kutazamwa kwa haki.

Hata hivyo, na tuangalie jinsi mpango huo ulivyomweka mtu wa Usambara. Anaonekana, lakini sauti inayosikika haitoki kinywani mwake. Msomaji atasema kwamba hata Bombay anayeonekana siye anayeimba. Ni kweli, lakini yule mwimbaji aliyefichwa anaimba moyo wa mhusika. Msemaji wa santuri ya maelezo anamweleza mhusika kwa watu wengine. Filamu mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini, na mwizi anazichukua. Mwenziwe amezipeleka posta, na fedha zake zinasalimika. Ukiitazama hadithi hiyo bila sauti waweza kumwonea huruma aliyeibiwa, waweza hata kujiuliza kwa nini mtu wa mwaka 1935 hakuiamini ofisi ya serikali. Kazi ya sauti ya mafunzo ni kuziba milango hiyo yote na kuacha mmoja tu wazi: kwamba bahati mbaya ya mtu ni ujinga wake.

Mwaka 1939 Waingereza waliunda idara ya filamu za makoloni, iliyosimamiwa na William Sellers, ambaye aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Filamu nyingi za idara hiyo zilikuwa bubu, na mahali pa santuri alisimama mfasiri mwenye kipaza sauti, aliyepewa maneno ya kusoma. Jambo moja pengine halikufikiriwa sana na wakubwa. Santuri haiwezi kubadili neno. Mtu aliye hai aweza. Mwenye kutaka kujua uwezo huo na aingie katika banda la video la Dar es Salaam au Kampala, amsikilize mfasiri anavyowapa wahusika wa Hong Kong majina ya mtaani, anavyowasuta na kuwatania, hata hadithi ya mbali ikawa habari ya jirani.

Waafrika waliposhika kamera, je, walishika na sauti? Jibu halikuwa jepesi, na kazi za Ousmane Sembène wa Senegal zinaonyesha hatua zake. Borom Sarret, ya mwaka 1963, ni filamu fupi kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Gurudumu lake linalia njia nzima, na mlio huo watuambia umaskini wake kuliko maneno yoyote. Anakutana na mwimbaji wa sifa anayewatukuza mababu zake, naye anampa fedha zote alizochuma asubuhi. Huo ni muziki wa ndani ya hadithi, tena wenye bei. Kisha abiria mmoja anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa ambamo mikokoteni imekatazwa. Anapoingia huko, muziki wa kienyeji unatoweka na muziki wa Kizungu wa zamani unashika nafasi yake. Hajakutana bado na polisi, lakini sikio limekwisha kujua kwamba amevuka mpaka.

Pamoja na hayo mwendesha mkokoteni anawaza kwa Kifaransa. Miaka mitatu baadaye, katika La Noire de..., Diouana, mtumishi wa nyumbani aliyepelekwa Ufaransa, anawajibu mabwana zake kwa maneno mawili matatu, huku sauti ya ndani ikitueleza uchungu wake wote. Sauti hiyo nayo ni ya Kifaransa, na si ya mchezaji Mbissine Thérèse Diop bali ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Tunausikia moyo wa Diouana, jambo ambalo santuri ya Vugiri haikulijaribu, lakini tunausikia kwa kinywa cha kuazima.

Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, na safari hii wahusika walisema Kiwolofu, ingawa filamu ilitengenezwa pia kwa Kifaransa. Mzee Ibrahima Dieng ametumiwa hundi ya posta na mpwa wake aliye Paris. Hajui kusoma, barua anasomewa, na wakati maneno ya barua yanasikika tunamwona mpwa mwenyewe akifagia barabara za Paris. Msomaji wa barua anadai ujira wake. Kisha Dieng anatakiwa aonyeshe kitambulisho, ambacho hana, na kila ofisi anayoingia kukitafuta ina Kifaransa chake. Lugha ile ile ambayo katika filamu mbili za kwanza ilikuwa sauti ya moyo wa mhusika, sasa imewekwa inapostahili kusikika, upande wa pili wa dirisha la karani. Posta ya Vugiri ilikuwa mahali ambapo fedha ya mtu hukaa salama. Katika posta ya Dakar fedha ya Dieng nayo i salama kabisa, na yeye amesimama mbele yake mikono mitupu, akieleza kwa Kiwolofu kwamba yeye ndiye yeye.