Bugando: Hospitali ya Kilimani na Watu wa Ziwani

Kujenga hospitali ni tendo la rehema, lakini ni tendo la hesabu pia. Rehema huonekana siku ya kufunguliwa milango, vigelegele vikipigwa na hotuba zikisomwa. Hesabu huanza siku ya pili yake, na haina mwisho. Mshahara wa muuguzi hudaiwa kila mwezi, dawa iishapo hununuliwa nyingine, bomba lipasukapo huzibwa. Juu ya hayo iko hesabu iliyo nzito zaidi, nayo ni kujua ni nani afikaye mlangoni, na ni nani ambaye umbali, umaskini au kuchelewa humzuia asifike. Historia ya hospitali ya Bugando, iliyosimama juu ya kilima katika mji wa Mwanza, ni historia ya hesabu hizi mbili. Jengo lake lilikamilika mwaka 1971. Hesabu zake hazijafungwa hata leo.

Wenyeji wa kusini mwa ziwa hawakukaa bila tiba kabla ya hospitali. Wasukuma walikuwa na bafumu wao, waliopiga ramli na kutoa dawa za miti, na mgonjwa aliuguzwa nyumbani kwake na jamaa zake. Wamisionari Wakatoliki waliofika Bukumbi, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1880 walichukua dawa pamoja na dini. Baadaye hospitali za misheni zilisimama Sumve, na kwa upande wa Waprotestanti Kolandoto, karibu na Shinyanga. Serikali ya Wajerumani, na baada yake ile ya Waingereza, zilileta madaktari wao. Lakini desturi ya ukoloni ilikuwa kuwatenga watu kwa rangi hata katika ugonjwa, na aliye wengi ndiye aliyepata kidogo.

Hata hivyo, kazi kubwa ya afya iliyofanywa na wenyeji wenyewe katika zama hizo haikufanywa ndani ya hospitali yoyote. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale uligunduliwa Maswa. Ugonjwa huu huletwa na mbung'o, na mbung'o hukaa vichakani. Katika miaka iliyofuata, hasa katika nchi ya Shinyanga, watu waliitwa na watemi wao wakatoka kwa maelfu, wenye mashoka na mapanga, wakafyeka pori ili mdudu akose kivuli. Mabwana wa serikali, kama C. F. M. Swynnerton, walileta elimu ya mdudu. Wakulima walileta mikono. Hapo lilionekana jambo ambalo halipasi kusahauliwa na yeyote aandikaye juu ya hospitali: afya ya watu wengi aghalabu huamuliwa mahali ambapo daktari hayupo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi ya ziwani ilikuwa na mali lakini haikuwa na madaktari. Pamba ya Usukuma ilikuwa katika mazao makubwa ya biashara ya Tanganyika, na wakulima wake walikuwa wamekwisha kuunda, mwaka 1955, muungano wa vyama vya ushirika wenye nguvu chini ya uongozi wa Paul Bomani. Lakini madaktari Waafrika katika Tanganyika nzima walikuwa wachache mno. Hesabu itajwayo mara kwa mara ni 12 tu. Hospitali kubwa ya serikali ilikuwa Dar es Salaam, nayo ndiyo iliyokuja kuitwa Muhimbili. Kutoka Mwanza kwenda huko kwa reli, kupitia Tabora, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Mgonjwa aliyehitaji mkono wa bingwa alipaswa kwanza kuwa na nguvu za kustahimili safari hiyo, na aliyekuwa na nguvu hizo pengine hakuwa ndiye mgonjwa zaidi.

Ndipo Maaskofu Katoliki wa Tanzania waliposhika shauri la kujenga hospitali kubwa ya rufaa Mwanza. Fedha ilitoka kwa sehemu kubwa Ujerumani, kwa shirika la Misereor, lililoanzishwa na maaskofu wa nchi hiyo mwaka 1958 kwa ajili ya kupambana na njaa na maradhi ulimwenguni. Wenyeji husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa methali ilitimia kwa maana yake ya dhahiri. Kilima cha Bugando kilichaguliwa, na juu yake likainuka jengo refu ambalo mji mzima wa mawe huliona. Mwaka 1971 hospitali ikafunguliwa. Mwaka huo huo hospitali nyingine kubwa ya rufaa, ya K.C.M.C., ilifunguliwa Moshi, nayo pia kwa juhudi za kanisa na msaada wa nje.

Lakini wakati wa kufunguliwa kwake ulikuwa wakati wa mgongano wa mawazo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuonya kwamba maendeleo yasijengwe mijini kwa jasho la mkulima wa shamba. Tangu mwaka 1964 ripoti ya Profesa Richard Titmuss na wenzake ilikuwa imeshauri kwamba nguvu ya nchi ielekezwe katika vituo vya afya vya mashambani. Mipango ya serikali ikaweka shabaha ya kituo kimoja kwa kila watu 50,000 na zahanati moja kwa kila watu 10,000. Kwa hiyo hospitali ya kilimani ilizaliwa katika nchi iliyokuwa ikigeuza uso wake kutazama bonde. Wapo waliouliza kama fedha itumikayo kuendesha hospitali moja kubwa isingetosha kuendesha zahanati nyingi. Na swali hilo lilikuwa la haki. Wapo waliojibu kwamba mama aliyepasukiwa kizazi haponyeshwi na zahanati. Na jibu hilo pia lilikuwa la haki.

Mwaka 1972, kabla hospitali haijazeeka, serikali iliitwaa ikawa mali ya umma. Ilikuwa zama za kutaifisha, na ilionekana kwamba chombo kikubwa namna hiyo hakifai kuwa nje ya mkono wa taifa. Kwa miaka kumi na mitatu Bugando iliendeshwa na serikali. Katika miaka hiyo nchi ilipatwa na misukosuko: bei ya mafuta ilipanda, vita na Idi Amin vya mwaka 1978 hadi 1979 vilikula hazina, na fedha za kigeni zikawa adimu. Hospitali zote za nchi zilionja uchungu wa upungufu wa dawa na vifaa. Mwaka 1985 serikali na Baraza la Maaskofu zilifanya mapatano, na uendeshaji ukarudi kwa kanisa, serikali ikiendelea kulipa mishahara na kutoa ruzuku. Tangu hapo Bugando imekuwa kitu cha namna yake: nyumba ya kanisa yenye kazi ya taifa.

Mabadiliko haya ya mwenye nyumba yana funzo. Kama umma wa hospitali ungekuwa katika hati ya umiliki tu, Bugando ingekuwa imekoma kuwa ya umma mwaka 1985, na kabla ya mwaka 1972 isingekuwa ya umma hata kidogo. Lakini mgonjwa aliyeletwa kwa mtumbwi kutoka Ukerewe, au kwa lori kutoka Bariadi, hakuuliza hati iko katika kabati la nani. Aliuliza mambo matatu: je, nitapokewa? Je, yuko ajuaye ugonjwa wangu? Je, nitadaiwa kiasi gani? Katika majibu ya maswali haya ndimo umma wa hospitali ulimo.

Swali la tatu ndilo lililokuja kuwa gumu. Baada ya uhuru tiba katika hospitali za serikali ilitolewa bure kwa wananchi walio wengi. Mwaka 1993 serikali, ikibanwa na upungufu wa fedha, ilianza kutoza ada katika hospitali zake, ikianzia na zile kubwa. Sheria iliwaachilia wajawazito na watoto wadogo, na fukara waliahidiwa msamaha. Lakini fukara hana barua ya kuthibitisha ufukara wake, na mara nyingi huona haya kuiomba. Kwa mkulima wa ziwani, ugonjwa mzito ukawa na maana ya kuuza ng'ombe. Tena ada ni sehemu tu ya gharama: kuna nauli, kuna chakula, na kuna jamaa anayemfuata mgonjwa, akaacha shamba lake wakati wa palizi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza mwaka 2001 uliwafaa kwanza watumishi wa serikali. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilikuja kupitishwa mwaka 2023, miaka thelathini baada ya ada.

Mji nao uligeuka. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliwakuta Mwanza watu wapatao 35,000. Ile ya mwaka 1978 iliwakuta zaidi ya 110,000, na ya mwaka 2012 zaidi ya 700,000. Si hospitali iliyowaleta wote, maana samaki, pamba, madini na biashara vina sehemu kubwa zaidi. Lakini hospitali yenye vitanda takriban 900 ni mji ndani ya mji. Huajiri mabingwa na wafagiaji, hulisha wauza uji na matunda, na huvuta wapangishaji wa vyumba. Zaidi ya yote, hufundisha. Mwaka 2003 chuo kikuu cha udaktari kilianzishwa hapo Bugando. Nchi iliyoanza na madaktari 12 ikawa na chuo cha madaktari katika pembe ambayo zamani haikuwa na hata bingwa mmoja. Na katika miaka ya 2010 matibabu ya saratani kwa mionzi yalianza Bugando, hata wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa wakaokoka na safari ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam.

Hata hivyo, upo ugonjwa mmoja unaoonyesha mpaka wa uwezo wa kilima, nao ni kichocho. Konokono wadogo hukaa katika maji ya kando ya ziwa. Mdudu hutoka kwa konokono akaingia katika ngozi ya mtoto aogaye, mvuvi avutaye wavu, au mwanamke afuaye nguo. Mayai ya mdudu huyo hukaa katika ini miaka mingi, njia za damu zikabanwa, na mwisho mtu mzima huja hospitalini akitapika damu. Daktari wa Bugando humfunga mshipa uliopasuka na kuokoa maisha yake, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini ugonjwa ulianza miaka ishirini kabla, kwa kukosa choo na bomba kijijini, na kwa kukosa vidonge vichache vilivyo rahisi. Mgonjwa akirudi kwao, hurudi katika maji yale yale.

Ushahidi wa kinyume chake ulipatikana hapo hapo Mwanza. Ukimwi, uliotambuliwa kwanza Tanzania katika mkoa wa jirani wa Kagera mwaka 1983, ulifika upesi katika miji na visiwa vya ziwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 wataalamu wa Tanzania na wa nje walifanya jaribio katika jumuiya 12 za mkoa wa Mwanza. Katika jumuiya sita waliwafunza watumishi wa zahanati na vituo vya afya kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, wakahakikisha dawa zipo wakati wote. Katika sita nyingine huduma ilibaki kama ilivyokuwa. Miaka miwili baadaye maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 pale zahanati zilipoimarishwa. Majaribio ya namna nyingine yaliyofanywa baadaye Uganda hayakuleta matokeo kama hayo, na wataalamu walijadiliana sana juu ya sababu. Lakini jambo moja halikukanushwa: zahanati ya kijiji, ikipewa elimu, dawa na usimamizi, inaweza kufanya kazi ambayo ulimwengu mzima utaisoma.

Hapo ndipo ugomvi wa mwaka 1971, kati ya kilima na bonde, unapopata hukumu yake. Wote wawili walikuwa na haki nusu. Zahanati isiyo na hospitali nyuma yake ni mlango usioelekea chumbani: mkunga hutambua hatari, kisha hana pa kuipeleka. Na hospitali isiyo na zahanati mbele yake ni chumba kisicho na mlango: hupokea walioweza kufika, na huwapokea wamechelewa. Mwaka 2007 serikali ilitangaza mpango wa kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Mpango huo ulikuwa, kwa kweli, kurudi kwa fikra za miaka ya 1960. Na kwa Bugando si mshindani, bali ni msaada iliokuwa ikiungoja tangu kuzaliwa kwake.

Basi atakaye kuipima hospitali ya Bugando asitosheke kuhesabu ghorofa na vitanda vyake. Na ashuke kilimani, aende hata Ukerewe au Sengerema, aulize ni saa ngapi hupita tangu mama apatwapo na uchungu mbaya hata afike mikononi mwa mpasuaji, na ni nani alipaye nauli. Saa hizo zikipungua, jengo linafanya kazi yake hata kama rangi ya kuta imechujuka. Zikizidi, hakuna ghorofa itakayozifidia.