NESI MPANDA, SEHEMU YA 6: Rangi ya nyumba ya mdoli

Ya leo ni ndefu kidogo, mnyonyeshe mtoto kwanza ndipo msome.

Jumamosi iliyopita binti wa jirani, ana miaka saba, alinigongea mlango ameshika boksi la biskuti. Amelitoboa madirisha mawili na mlango, ndani amemkalisha mdoli wa gunzi la mahindi aliyevishwa kipande cha khanga. Alikuja kuomba rangi. Anajua tulipaka geti mwezi uliopita na kopo lenye mabaki bado liko nyuma ya nyumba. Alitaka apake karatasi, azibandike ukutani, ili mdoli wake awe na sebule kama ya kwenye TV. Nikamwambia karatasi nitampa, gundi tutapika, ila ile rangi hapana. Mama yake akacheka kule uani: "Si rangi tu hiyo, dada nesi!"

Rangi tu. Hilo neno watu wamelisema miaka mingi sana, na watoto wamelilipia. Ngoja niwasimulie.

Nyumba za midoli za mwanzo hazikuwa za watoto hata kidogo. Mwaka 1557 na 1558 mtawala wa Bavaria, Ujerumani, aitwaye Albrecht wa Tano, alitengenezewa nyumba ndogo iliyojaa vitu vidogo vya thamani, ya kuonyesha wageni. Pale Amsterdam ipo hadi leo makumbusho ya Rijksmuseum nyumba ya namna hiyo ya mama mmoja tajiri, Petronella Oortman, aliyeanza kuikusanya mwaka 1686. Mtoto angeigusa angechapwa. Ni karne ya 19 ndipo viwanda vilipoziteremsha hadi sakafuni kwa watoto. Huko Marienberg, Ujerumani, Moritz Gottschalk alitengeneza nyumba za mbao zilizobandikwa karatasi zilizochapwa rangi: matofali, madirisha, mapazia, vyote karatasi. Kwa hiyo binti yetu na boksi lake la biskuti yuko kwenye kazi ile ile, tofauti ni bei.

Sasa shida ikaja na rangi zenyewe.

Mwaka 1775 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipata rangi ya kijani kali kwa kuchanganya shaba na aseniki. Ndiyo, aseniki ile ile ya kuulia panya. Mwaka 1814 ikatoka nyingine ya jamii hiyo, nzuri zaidi na inayodumu zaidi. Watu wakaipenda mno. Ikapakwa kwenye karatasi za ukutani, maua ya bandia, magauni, vitabu, na kwenye vitu vya kuchezea watoto.

Mwaka 1862, mtaa wa Limehouse jijini London, familia moja ya wafanyakazi ilipoteza watoto wanne, mmoja baada ya mwingine. Walisema ni dondakoo. Lakini mimi nikisoma hivyo kama nesi nauliza swali ambalo na daktari wa pale alijiuliza: mbona majirani hawakuugua? Dondakoo haichagui mlango mmoja. Karatasi ya kijani ya chumbani kwao ilipopimwa ikakutwa na aseniki nyingi. Na bado baraza la uchunguzi likaamua kwamba kifo kile kilikuwa cha kawaida. Uingereza haikutunga sheria ya kuipiga marufuku karatasi hiyo. Iliondoka kwa sababu wateja waliogopa wakaacha kununua.

Kijani ikaondoka. Nyeupe ikabaki, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haikumtisha mtu. Rangi nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa risasi. Sisemi ya bunduki, nasema madini yenyewe, ingawa jina la ile ya bunduki limetokana na hayo hayo. Risasi inafanya rangi ikauke upesi, ing'ae, istahimili mvua na jua. Halafu ina utamu. Mtoto akilamba mara moja atarudia.

Aliyegundua jambo hili sawasawa alikuwa daktari wa macho kule Brisbane, Australia, J. Lockhart Gibson. Yeye na wenzake walikuwa wanaona watoto wenye maumivu ya tumbo, miguu na mikono inayolegea, wengine macho yanaharibika. Walijua ni risasi, hawakujua inatoka wapi. Mwaka 1904 Gibson akaandika kwamba inatoka kwenye reli za baraza na kuta za vyumba. Jua la kule linaigeuza rangi kuwa unga, mtoto anashika reli, anatia vidole mdomoni. Basi, ni hivyo tu. Hakuna aliyekula kopo la rangi. Ni vidole.

Jimbo lao la Queensland lilipitisha sheria mwaka 1922. Mwaka mmoja kabla, 1921, mataifa yalikubaliana kule Geneva kupunguza rangi ya risasi ndani ya majengo, lakini hasa walikuwa wanawafikiria mafundi, si watoto. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani na vitu vya kuchezea mwaka 1978. Hesabu mwenyewe kutoka 1904: miaka 74. Mtoto wa wakati wa Gibson alikuwa keshakuwa babu.

Mtasema haya ni ya Wazungu, sisi Mpanda yanatuhusu nini. Mama, mji huu ulikua juu ya risasi. Wazee wa hapa wanaujua mgodi wa Mukwamba, wa kampuni ya Uruwira Minerals. Reli yetu inayotoka Kaliua, zile kilomita 210 ambazo tukisafiri na watoto tunalalamika, ilifika hapa mwaka 1950 na sababu yake kubwa ilikuwa kubeba risasi ya mgodi huo. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, mji ukabaki. Enzi hizo risasi ya dunia ilikuwa inakwenda kwenye betri, nyaya, petroli na rangi. Yaani madini yaliyokuwa yakitafutwa chini ya miguu yetu ndiyo hayo hayo yaliyokuwa yakiwaumiza watoto kwenye reli za baraza za watu wengine. Mimi hilo linanikaa moyoni kila nikipita stesheni.

Na halijaisha. Petroli ya risasi nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Rangi za mafuta bado ni tatizo: zilipopimwa, hata za hapa Tanzania, nyingine zimekutwa na risasi kupita kiasi, hasa zile za kung'aa nyekundu, njano na kijani. Ndizo za mageti, bembea na vitanda vya watoto. Ndiyo maana kopo langu sikumpa yule binti. Sijui ndani yake kuna nini, na kwa macho huwezi kujua.

Kwa nini mtoto na si wewe? Mwili wa mtoto mdogo unafyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma, kama wengi tunaowaona kliniki, anafyonza zaidi. Ikiingia inakaa kwenye mifupa, na binti akija kubeba mimba inaweza kutoka ikamfikia aliye tumboni. Dalili za mwanzo hazionekani. Baadaye ni tumbo, choo kigumu, damu kupungua, uzito wa kuelewa darasani. Mwalimu anasema mtoto ni mtundu au mzito, mama anaambiwa amedekeza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Haya, turudi kwenye boksi, maana binti alikuwa bado mlangoni.

Tulipika gundi kwa unga wa muhogo, vijiko viwili na kikombe cha maji, ukikoroga mpaka ing'ae. Wali uliobaki ukipondwa nao unabandika vizuri, na Katavi hatukosi mchele. Bibi zetu walibandika magazeti na kalenda ukutani kwa uji huo huo, hakuna jipya. Karatasi tulichana daftari lililoisha, upande mweupe.

Nyeusi ni mkaa uliotwangwa. Zambarau ni rozela iliyochemshwa kwa maji kidogo sana. Njano ni manjano, na hapa nisikilize: saga mzizi wenyewe. Kule Bangladesh watafiti waliripoti mwaka 2019 kwamba wafanyabiashara walikuwa wanaongeza rangi ya risasi kwenye manjano ya unga ili ing'ae. Serikali ikawabana, na miaka miwili baadaye hali ikabadilika kabisa sokoni. Inawezekana, jamani, ni kuamua tu.

Nyekundu ni udongo. Chukua wa kichuguu au wa shambani, uchuje kwa kitambaa, uchanganye na ile gundi ili usipukutike. Lakini usichukue karibu na karasha, wala kwenye marudio ya dhahabu, wala mashimo ya zamani. Mawe ya Mpanda yenye dhahabu mara nyingi yana risasi pia, na yakisagwa inakuwa vumbi. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 walisaga mawe ya namna hiyo majumbani, wakafa watoto zaidi ya 400. Kama baba anarudi kutoka machimboni, avue nguo nje na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Najua anamkimbilia. Avue kwanza.

Nyeupe tumia choki ya shule. Chokaa ya kupakia nyumba achana nayo, inaunguza macho. Hiyo nimeiona kazini zaidi ya mara moja.

Muhuri wetu ulikuwa bamia iliyokatwa katikati. Inatoa ua zuri ajabu. Binti akapanga maua ya bamia pembeni kama pindo la khanga, katikati akaacha mji mtupu, halafu akataka jina liandikwe chini kama kwenye khanga yenyewe. Aliandika kwa mkaa: KARIBU KWETU. R imegeuka.

Wenye geti au kitanda cha zamani kinachobanduka: usikwangue kikavu. Lowesha, futa kwa kitambaa kibichi, watoto wakiwa mbali, kisha oga. Na mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula hata kama "imeshika ukuta tu".

Kopo langu nimelifunga na kulipandisha juu ya kabati la stoo. Mama yake binti alipita jana, akaniuliza kile kitanda cha kijani alichorithi kwa wifi yake, ambacho mdogo wao anang'ata pembeni akiota meno. Nimemwambia akitoe chumbani leo, na Jumatatu amlete mtoto kliniki tumpime damu kwanza kama imepungua, ndipo tuone cha kufuata. Sehemu ya 7 nitaandika juu ya madini ya chuma na matembele, mlioniomba.