Madoa meupe kwa samaki wa tangi: kupotea si kupona

Ugonjwa wa madoa meupe unajulikana na kila anayefuga samaki wa maji ya chumvi. Huletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, ambacho hupatikana katika bahari za joto. Kwa hivyo samaki wa mapambo aliyevuliwa kwenye matumbawe aweza kuwa nacho hata kabla hajatiwa kwenye tangi. Baharini, vimelea vingi hupotelea majini bila kupata samaki. Ndani ya tangi samaki hana pa kukimbilia, na samaki wote waweza kufa.

Dalili zake

Vidoa vyeupe huonekana mwilini na kwenye mapezi, mfano wa chembe za chumvi. Samaki hujikuna kwenye mawe, huhema haraka na hukataa chakula. Pengine kimelea huanzia mashavuni, samaki akahema bila ya doa lolote kuonekana.

Usichanganye na maradhi mengine. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni dalili ya Amyloodinium, ambayo huua kwa siku chache. Macho yenye ukungu huenda yakawa ni minyoo bapa wa ngozi. Hawa huonekana samaki akitiwa kwa dakika 5 kwenye maji yasiyo na chumvi wala klorini, yenye joto sawa na la tangi: minyoo hubadilika kuwa meupe na kudondoka.

Kwa nini madoa hurudi

Kimelea hukaa ndani ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7, kisha huanguka. Madoa hupotea, na mwenye tangi hudhani samaki amepona. Kumbe kimelea kimejishika kwenye mchanga au jiwe, kimejifunika ganda, na ndani yake kinagawanyika. Baada ya siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, hutoka watoto wengi wanaoogelea kutafuta samaki. Wasipompata kwa siku moja au mbili, hufa. Udhaifu wake ni huo.

Matibabu

Kwanza, hamisha samaki wote, hata wanaoonekana wazima, kwenye tangi la matibabu lisilo na mchanga wala mawe. Tangi kubwa libaki bila samaki kwa wiki 6 kwa uchache. Wafugaji wengi hungoja siku 76. Kamba, kaa, konokono na matumbawe waache humo, kwani kimelea hiki hakiwashambulii.

Pili, chagua njia moja. Dawa ya shaba hutumika kwa wiki 3 au zaidi. Shaba ya kawaida huwekwa kwa kiwango cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, lakini dawa hazifanani, hivyo fuata maelezo ya chupa na upime kila siku. Ikizidi humuua samaki; ikipungua haimdhuru kimelea. Usiitie kamwe kwenye tangi kubwa, kwani huua kamba na matumbawe.

Njia nyingine ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ishushe polepole, kwa siku mbili au zaidi, hadi gramu 15 au 16, na uiache hapo kwa wiki 4. Tumia kipimo, usikisie kwa kuonja. Ukimaliza, ipandishe polepole zaidi ya ulivyoishusha.

Wakati wote wa matibabu badilisha maji mara kwa mara, kwani tangi dogo huchafuka upesi.

Kinga

Kila samaki mgeni akae peke yake siku 30 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Wavu na ndoo zake ziwe mbali, maana tone la maji latosha kubeba maradhi. Na samaki mgonjwa asirudishwe baharini, wala maji yake yasimwagwe huko. Bahari hiyo ndiyo inayotulisha.