Tabaka na "Tajiri Wangu"

Wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya hulikuta neno tabaka kwa mara ya kwanza katika somo la fasihi. Mwalimu huandika ubaoni "maudhui", chini yake "utabaka", na darasa likaanza kuorodhesha: huyu ana gari, yule anaishi kibandani, huyu anakula vinono, yule analala njaa. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa miaka kadhaa, ilisomwa hivyo katika madarasa mengi, ingawa mgogoro wake mkubwa unahusu kufungwa kwa soko la Chapakazi, yaani nani ana mamlaka juu ya mahali ambapo wengine wanachuma riziki. Orodha ya walionacho na wasionacho humpa mwanafunzi alama zake. Swali ambalo istilahi hii ilikusudiwa kuliuliza hubaki nje ya orodha: aliyenacho anakipataje, na kwa jasho la nani?

Neno limetoka Kiarabu, tabaqa. Kiswahili kinalitumia tangu zamani kwa vitu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine: tabaka la udongo, tabaka la rangi ukutani, matabaka ya mwamba. Waliosoma madrasa Ukunda au Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya, huenda wanaijua sura yake nyingine, ile ya vitabu vya tabakati kama cha Ibn Saad, mwanachuoni wa karne ya 9, ambamo masahaba na waliowafuata wamepangwa kizazi baada ya kizazi. Neno lilipoingia katika siasa na elimu ya jamii lilikuja na picha hiyo ya kupangwa. Kuna walio juu, kuna walio kati, kuna walio chini.

Picha hiyo ina kasoro yake. Udongo wa chini haufanyi kazi ili udongo wa juu unone. Umelala tu, na ule wa juu umelala juu yake. Lakini mwenye hoteli ya Diani na mpishi wake wamefungamana: faida ya mmoja na mshahara wa mwingine hutoka katika sahani ileile anayotozwa mgeni. Hata methali ya wahenga, aliye juu mngoje chini, inamtazama mtu mmoja anayepanda na kushuka. Haiulizi kwa nini kuna juu na chini.

Ndiyo maana wataalamu wanapotumia neno hili wanaweza kuwa wanazungumzia mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kipato. Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa ripoti iliyomweka katika tabaka la kati kila Mwafrika anayetumia kati ya dola 2 na 20 kwa siku. Kwa kipimo hicho tabaka hilo lilikuwa na watu wapatao milioni 313, karibu asilimia 34 ya bara zima, na magazeti yakashangilia. Ripoti yenyewe ilieleza kwamba walio wengi miongoni mwao walikuwa kati ya dola 2 na 4, watu ambao ugonjwa mmoja wa mtoto ungeweza kuwarudisha walikotoka. Kipimo hiki kinaweza kumweka mchonga matofali wa timbo la mawe, mwalimu wa chekechea na mwenye duka dogo la rejareja katika kapu moja. Kwa mtu anayetaka kuuza sabuni, kapu hilo linatosha. Kwa anayetaka kujua kwa nini wachonga matofali wamegoma leo na mwenye duka amefungua, halisemi lolote.

Jambo la pili ni uhusiano. Karl Marx, aliyechapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu kuhusu mtaji mwaka 1867, alianza na suala la umiliki: nani ana nyenzo za uzalishaji mali, kama ardhi, mashine, vyombo na fedha za kuzungusha, na nani hana kitu cha kuuza isipokuwa nguvukazi yake. Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, alikubali kwamba umiliki una uzito, akaongeza kwamba hadhi ni jambo la pekee. Kaunti ya Kwale, hukohuko pwani, inamuunga mkono: mzee wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, asiye na ng'ombe hata mmoja anaweza kusikilizwa na baraza zima, huku tajiri mgeni akiogopwa tu. Hata hivyo hadhi ya mzee huyo haimpi hatimiliki ya shamba.

Samburu, ile ya kaunti ya Kwale na wala si kaunti ya kaskazini yenye jina hilo, ni mahali pazuri pa kuijaribia istilahi. Ni mji mdogo wa Waduruma, mojawapo ya jamii za Mijikenda, katika eneo la Kinango, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, nchi kavu ya mifugo na mahindi yanayotegemea mvua isiyotegemeka. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa ikielekea Ziwa Victoria. Bomba la maji ya chemchemi za Mzima linalonywesha Mombasa linafuata njia hiyohiyo. Reli mpya ya kisasa, SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo imekatiza mbuga hizi. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza mizigo ya bandarini isafirishwe kwa reli hiyo, walioumia hawakuwa wenye malori peke yao: mama wa hoteli ya chakula, fundi wa magurudumu na mwenye vyumba vya kulala madereva, wote wa miji ya kando ya barabara, waliuona mkate wao ukiamuliwa na watu wasiowajua. Agizo lilizua maandamano Mombasa, likafika mahakamani, na mwaka 2022 serikali mpya ikatangaza kuirudisha shughuli ya kutoa mizigo bandarini humo. Mama wa hoteli ya chakula ana sufuria zake mwenyewe na hana bosi. Je, ni wa tabaka gani? Kwa kipimo cha kipato jibu ni rahisi. Kwa kipimo cha uhusiano inabidi kufuatilia mzigo wa bandari mpaka kwenye sahani yake, na jibu hilo ndilo lenye manufaa.

Kiswahili cha pwani hakikungoja wanafalsafa wa Ujerumani ili kuupa uhusiano huo jina. Kibarua ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa ili ihesabiwe siku yake. Katika karne ya 19, Zanzibar na miji ya pwani, watumwa walikodishwa kwa siku, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana. Baada ya muda jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha la mtu. Utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mfumo wa kibarua ulibaki, na bandari ya Mombasa ikaujenga kuwa desturi: asubuhi watu walijipanga, wakachaguliwa, jioni wakalipwa.

Waingereza hawakuupenda. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kwa kina kuhusu makuli, yaani wapakuzi wa mizigo ya bandari, wa Mombasa, ameonyesha kwamba kilichowakera wakubwa wa bandari na serikali ni kwamba kibarua aliweza kufanya kazi siku chache, akapata fedha za kodi na nguo, kisha akarudi kwao Umijikenda kulima na kutazama mifugo yake. Maofisa waliuita mwenendo huo uvivu. Ukweli ni kwamba shamba lilimpa nguvu ya kukataa. Mtu ambaye nyumbani ana mahindi na mbuzi haogopi kuambiwa kesho usije. Kodi ya kibanda iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20 na kipande, hati ya utambulisho iliyowafuata wanaume tangu mwaka 1919, vilikusudiwa kuipunguza nguvu hiyo. Hapa ndipo istilahi ya tabaka inapofungua macho: umaskini wa Mduruma wa mwaka 1930 na wa mjukuu wake asiye na shamba unaweza kulingana kwa shilingi, lakini mbele ya mwajiri watu hao wawili hawako mahali pamoja.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi, wa bandari, wa reli, wa hoteli, na hata wapishi wa majumbani. Mgomo uliendelea siku 12. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na humo ukazaliwa muungano uliokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ukiongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata Agosti mwaka huo na kumhamishia Baringo. Mwaka uliofuata makuli wa Zanzibar nao waligoma. Shafi Adam Shafi aliuandikia mgomo huo riwaya, Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Nadharia inatofautisha tabaka lililopo na tabaka linalojitambua. Watu wa makabila mbalimbali, wa bara na wa pwani, waliojiita kwa pamoja maskini kwenye uwanja mmoja, walikuwa wamevuka kutoka la kwanza kwenda la pili, na walivuka kwa neno la Kiswahili.

Msamiati mpana wa matabaka ulistawi zaidi Tanzania kuliko Kenya, na sababu ni ya kisiasa. Waraka nambari 10 wa serikali ya Kenya, uliowasilishwa bungeni mwaka 1965, ulidai kwamba migawanyiko ya kitabaka ya Ulaya haikuwa na mfano wake katika jamii ya Kiafrika. Dar es Salaam, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyaeneza hadi vijijini maneno ubepari, ukabaila na unyonyaji. Bepari alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi kwanza, kabla ya kuwa kila mwenye mtaji. Kabaila akawa mwinyi anayeishi kwa ardhi inayolimwa na wengine. Mvujajasho, kabwela na bwanyenye yalikamilisha safu. Miongoni mwao unyonyaji ndiyo istilahi yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa ni kitendo, na kitendo kina mtendaji na mtendewa. Mfugaji wa Samburu anayewatoa kupe ng'ombe wake hahitaji kufafanuliwa.

Na kuna tajiri. Katika Kiarabu ni mfanyabiashara, katika kamusi ni mwenye mali nyingi, lakini kwenye bandari za wavuvi kama Gazi, Shimoni na Vanga baharia husema "tajiri wangu". Huyo ni mwenye chombo na nyavu, au mchuuzi aliyemkopesha za kununulia. Samaki wakipatikana, chombo kina fungu lake na nyavu zina lao, kisha mabaharia wagawane kilichobaki. Aliyekopeshwa anabanwa kumuuzia mkopeshaji kwa bei ya mkopeshaji. Kiambishi hicho kidogo, -angu, kinabeba maelezo ambayo tabaka la juu na tabaka la chini hayawezi kubeba. Tajiri ni tajiri wa mtu fulani.

Kuhusu mvutano wenyewe kati ya matabaka, waandishi huchanganya mgogoro, mgongano na mapambano ya kitabaka kana kwamba ni mamoja. Ingefaa yatofautishwe. Mgongano ni wa masilahi, na upo hata pasipo kelele: kila shilingi inayoongezwa kwenye ujira imetoka mahali. Mapambano ni watu kuinuka, kama mwaka 1947. Mgogoro ni shauri, jambo linaloweza kupelekwa kwa wazee au mahakamani, na migogoro ya ardhi ya Kwale imekuwa hivyo. Sheria ya mwaka 1908 ya hatimiliki za ardhi ya pwani ilimtambua mwenye kuweza kuthibitisha dai lake mbele ya serikali; wengi wa waliolima bila karatasi wakaitwa maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoporomoka mwaka 1988, watu walilima katika mashamba yaliyoachwa. Ardhi ilipokodishwa kampuni ya KISCOL ili miwa irudi, mgogoro ukaanza upya Msambweni.

Masilahi yakigongana na watu wakakosa jina la kuuita mgongano huo, jina jingine hupatikana. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni, Mombasa, kilivamiwa, na siku zilizofuata mauaji na uchomaji yaliwalenga watu wa bara. Malalamiko yaliyotajwa yalikuwa ya kazi na ardhi, mambo ya kitabaka hasa. Waliochomewa vibanda walikuwa wachuuzi na vibarua maskini kama waliowachomea. Wanasiasa waliokuwa na hamu ya kura mwaka huo waliona faida katika kulichanganya tabaka na kabila, na damu ikamwagika kwa mchanganyiko huo.

Leo neno kibarua limo hata katika sheria, kwa maana yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamweleza mfanyakazi wa namna hiyo kuwa anayelipwa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mzima, ahesabiwe wa mkataba wa mwezi, pamoja na haki zake. Neno linalobishaniwa hapo ni "mfululizo". Anayesimamishwa siku chache kabla ya mwezi kutimia na kuitwa tena baada ya wiki huweza kuanza kuhesabiwa upya, na katika hoteli za pwani, zinazopunguza watu kila msimu wa mvua za Aprili hadi Juni, hesabu hiyo ya siku ndiyo inayoamua nani atakuwa na likizo, nani atalipiwa uzeeni, na nani Julai atasimama tena getini asubuhi akingoja kuchaguliwa.