Programu zinazowasomea wasioona

Mtu asiyeona anapopokea barua kutoka benki au majibu ya daktari, mara nyingi humlazimu kumtafuta mwenye macho amsomee. Siri yake huwa tayari imeshapita masikioni mwa mtu mwingine kabla haijamfikia yeye. Adha hiyo ndiyo iliyowasukuma wavumbuzi kutafuta namna ya kuyageuza maandishi yawe sauti.

Hatua kubwa ilipigwa Januari mwaka 1976, pale Mmarekani Raymond Kurzweil alipoonyesha hadharani mashine iliyozitambua herufi za kitabu na kuzitamka. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Mashine hiyo ilikuwa kubwa na ya bei ya kutisha.

Baadaye kazi hiyo ilihamia kwenye kompyuta. Programu iitwayo JAWS ilitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari. Ilisifiwa sana, lakini kwa miaka mingi bei yake ilikaribia dola 1,000, mara nyingi zaidi ya thamani ya kompyuta yenyewe.

Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika programu nyingine, NVDA, akishirikiana na mwenzake James Teh, naye pia asiyeona. Waliitoa bure, na bado hutolewa bure hadi leo.

Programu za aina hii huiuliza kompyuta kilichopo kwenye skrini, kama ni kitufe, kiungo au aya, kisha huyapeleka maneno kwenye mtambo wa sauti. Mtumiaji hahitaji kipanya; hutembea kwa vidole juu ya kibodi. Waliozoea husikiliza kwa kasi ambayo mwenye macho huisikia kama mvumo mtupu.

Kwa wasomaji wa Kiswahili lipo tatizo la ziada. Sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza ikikutana na maneno "wake" au "mate" huyatamka Kiingereza, na sentensi nzima ikavurugika. Lakini Kiswahili hutamkwa karibu sawa na kinavyoandikwa, hivyo kukitengenezea sauti si kazi ngumu mno. eSpeak, mtambo wa bure utumiwao na NVDA, una sauti ya Kiswahili, ingawa ni kavu na haina madaha.

Tangu mwaka 2009 teknolojia hiyo imeingia pia katika simu za iPhone na Android, jambo lenye uzito kwa Afrika Mashariki, ambako wenye simu ni wengi kuliko wenye kompyuta.

Hata hivyo, ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, kuanzia miwani hadi viti vya magurudumu, na karibu bilioni moja hawavipati.

Hata aliye na programu hukwama. Fomu iliyopigwa picha na kutumwa kama waraka wa kompyuta haina herufi ndani yake, bali taswira tu. Isipopitishwa kwanza kwenye programu ya kutambua herufi, mwombaji wa kazi asiyeona huifungua, akasubiri, asisikie neno lolote.