Biskuti ya Chokoleti Haikutokea kwa Bahati

Huenda umewahi kusikia hadithi hii: Ruth Wakefield, mwenye nyumba ya wageni huko Massachusetts, Marekani, alitia vipande vya chokoleti kwenye unga wa biskuti akidhani vitayeyuka vyote. Havikuyeyuka, na biskuti maarufu ikazaliwa.

Hadithi tamu, ila hebu tumwangalie Ruth mwenyewe. Alihitimu masomo ya sayansi kimu mwaka 1924, kisha akafundisha. Mwaka 1930 yeye na mumewe, Kenneth, walinunua nyumba hiyo, Toll House, mjini Whitman. Alikuwa ameshaandika kitabu cha upishi, na biskuti hii ikaingia kwenye toleo la 1938. Kweli mtu kama huyo asijue chokoleti inavyofanya kwenye oveni? Yeye mwenyewe alieleza kwamba wageni walipenda biskuti zake nyembamba, naye akawa anatafuta kitu tofauti.

Yaani alikuwa anafanya majaribio. Akifanya hivyo mtu wa maabara, tunaita utafiti. Akifanya mama jikoni, eti bahati! Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa kitu "kilitokea tu", uliza kwanza: nani alikuwa kazini, na alisomea nini?