Maji yanaporudi bombani: historia fupi ya umwagiliaji kwenye gofu

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumzie mabomba. Najua wengi wenu gofu mnaiona kwenye runinga tu, Tiger Woods akipunga mkono na ukoka nyuma yake umekoza kijani utadhani umepakwa rangi. Mimi sichezi. Kinachonivutia ni kilicho chini ya ule ukoka.

Tuanzie Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Huko kila mwaka, kati ya Machi na mwanzoni mwa Mei, viwanja vya gofu hupitia siku moja au mbili za roho juu, siku za kurudisha maji kwenye mabomba. Sisi tusio na majira ya baridi ya barafu hatuna haja ya kazi hiyo, maana mabomba yetu hukaa na maji mwaka mzima (DAWASA wakiamua, lakini hiyo ni habari nyingine).

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hakuna bomba la kawaida linaloweza kuyazuia. Mabomba ya mji kule hufukiwa zaidi ya mita 2 chini ili baridi isiyafikie. Ya uwanja wa gofu ni marefu mno kwa gharama hiyo, kwa hiyo mara nyingi hulazwa nusu mita tu hivi. Ndiyo maana kabla baridi haijaingia, msimamizi wa uwanja hukodi kompresa kubwa na kupuliza hewa hadi mtandao mzima unabaki mtupu. Majira ya kuchipua yakifika, ile hewa lazima itoke na maji yaingie. Hapo ndipo penye hatari.

Aliyetueleza hatari yenyewe kwa hesabu hakuwa mcheza gofu hata kidogo. Ni Nikolai Zhukovsky, Mrusi ambaye baadaye aliitwa baba wa urushaji ndege wa nchi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mabomba makuu ya maji ya Moscow yalikuwa yakipasuka. Zhukovsky akafanya majaribio, na mwaka 1898 akatoa majibu: maji yanayokimbia yakisimamishwa ghafla, kishindo husafiri ndani ya bomba kama sauti. Kwenye bomba la chuma, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakigota ghafla, presha hupanda kwa bar 10 au zaidi, mara tano hivi ya tairi la gari. Mafundi huiita nyundo ya maji, na mtu yeyote aliyewahi kufunga bomba la jikoni kwa haraka akasikia ukuta ukigonga ameisikia.

Bomba tupu ni baya zaidi. Hewa hutoka kwenye tundu dogo kwa kasi, na maji huifuata mbio. Hewa ikiisha, maji mazito hufika kwenye lile tundu na kugota. Bomba za plastiki hunyumbuka kidogo, kwa hiyo kishindo hupungua, lakini viungio vyake havina subira hiyo. Kwa hiyo mafundi hufungua vinyunyizio vya mbali na vya mlimani, huwasha pampu ndogo, halafu huyaacha maji yatambae yasizidi sentimita 30 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kilomita moja ya bomba huchukua karibu saa nzima. Vali hufunguliwa kidogo, watu wakisubiri hewa ikohoe kwenye vinyunyizio mpaka maji yatoke bila kukatika. Mwenye pupa atafukua uwanja wiki nzima.

Lakini zamani haya yote hayakuwepo. Gofu ilikulia Scotland kwenye mchanga wa pwani, na mvua ndiyo ilikuwa fundi bomba. Ukoka ukikauka kiangazi, watu walicheza juu ya ukavu. Mchezo ulipohamia Marekani ukakutana na joto la kweli, na hapo akazaliwa mtu ambaye historia imemsahau: mwagiliaji wa usiku. Huyu aliingia kazini wachezaji wakienda kulala. Alibeba vinyunyizio begani, akavichomeka kwenye vali zilizofichwa ardhini, akasubiri, akavichomoa, akahamia shimo lingine. Gizani, amelowa, hadi alfajiri. Ukisoma vitabu vya gofu utakuta wasanifu na mabingwa. Huyu humkuti.

Kazi yake ilianza kuliwa kutoka upande asioutazamia. Mwaka 1933 mkulima wa machungwa wa Glendora, California, Orton Englehart, alibuni kinyunyizio chenye mkono na springi: maji hugonga mkono, springi huurudisha, na kila kipigo kinazungusha mdomo kidogo. Ule mlio wa tik-tik-tik mnaoujua. Hataza ilitoka 1935, na kampuni ya Rain Bird ikaota hapo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja saa za kufungua vali zenyewe, plastiki ikachukua nafasi ya chuma, kisha kompyuta. Mwagiliaji wa usiku akapewa mkono wa kwaheri.

Halafu kuna runinga. Mwaka 1966 mashindano ya Masters, Augusta, yalionyeshwa kwa rangi kwa mara ya kwanza. Kila klabu ikataka kijani kile kile, ukuta hadi ukuta, hata pale ambapo ardhi yenyewe haikitaki. Hapa ndipo mimi naona maji yalipoanza kuchezewa.

Tazama Pinehurst No. 2, North Carolina, kazi ya Donald Ross iliyofunguliwa 1907. Hadi katikati ya miaka ya 1930 grini zake zilikuwa za mchanga, ndugu wa zile “brauni” za mchanga na mafuta ambazo wazee wa gofu wa Afrika Mashariki wanazikumbuka. Baadaye ikafunikwa ukoka kila mahali. Mwaka 2010 Bill Coore na Ben Crenshaw walianza kuirudisha ilivyokuwa, na mojawapo ya ushahidi wao ulikuwa bomba la zamani la umwagiliaji lililobaki ardhini: mstari mmoja, katikati ya njia, unaoonyesha Ross alikusudia mpira upite wapi. Vinyunyizio vikapunguzwa kutoka zaidi ya 1,000 hadi 450 hivi. US Open ilipochezwa hapo 2014, wanaume wiki moja na wanawake wiki iliyofuata, baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba uwanja umeungua.